Ukuta wa Motrona wa Mlimani

Mwalimu Sava hakudhamiria ubaya alipoutoboa ukuta wa Bibi Motrona. Alikuwa anaandika kitabu. Mwaka wa tatu huo alikuwa akiandika Jiografia na Historia ya Berestivka, na kijiji kizima kilikuwa kimeshachoka kuulizwa maswali. Alikuwa amepima korongo kwa kamba ya kufungia ng'ombe, ameonja maji ya visima vyote kumi na vinne, na amejaza kurasa ishirini na mbili juu ya Rudka, mto ambao kiangazi bata wanauvuka kwa miguu. Jiografia alikuwa ameimaliza. Historia ndiyo iliyomtoa jasho, kwa sababu karatasi za kijiji ziliungua vitani, na wazee kila mmoja alikuwa na tarehe zake na yuko tayari kuzigombania.

Kwa Bibi Motrona alikwenda katikati ya Kwaresima ya mwaka 2009, kwa sababu mbili. Kwanza, nyumba yake ilikuwa kongwe kuliko zote za Mlimani, upande wa kijiji ulio juu ya mto. Babake aliijenga mwaka 1926 kwa udongo uliokandwa na mabua ya ngano, na imesimama mpaka leo katikati ya nyumba za matofali, fupi, nyeupe, madirisha mawili mbele. Pili, bibi mwenyewe hakuwa na pa kukimbilia. Wiki ya kwanza ya mfungo aliteleza kwenye ngazi ya dari akifuata vitunguu, akavunjika mkono wa kulia, na hospitali ya wilaya ikaufunga plasta kuanzia kwenye vidole mpaka juu ya kiwiko.

"Hii ndiyo chokaa pekee iliyoingia nyumba hii mwaka huu," alikuwa akiwaambia waliokuja kumpa pole, akiunyanyua mkono wenyewe. Wao walicheka. Yeye hakuwa anacheka.

Maana Motrona alikuwa fundi. Kazini, kwenye shamba la ushirika, walimjua kama mlezi wa ndama, na ndama aliwalea vizuri. Lakini heshima yake ilikuwa kwenye udongo. Miaka hamsini hapakujengwa nyumba Mlimani bila yeye kuitwa kuja kulainisha kuta kwa kiganja, na alikuwa akiangalia ukuta wa mtu kama wengine wanavyomwangalia mtu usoni. Hakuwahi kusema ukuta fulani ni mbaya. Alikuwa anasema, "Masikini," basi, na mwenye nyumba akaukandika upya kabla ya jua kuzama.

Mwalimu alikaa mezani, akafungua daftari, akauliza mwaka gani bwawa lilichimbwa, mwaka gani umeme ulifika, mwaka gani theluji iliziba milango.

"Mwalimu, mimi tarehe wapi na wapi? Uliza ukuta."

Alisema kwa utani, kama mtu anavyosema uliza paka. Ila Sava hakuwa mtu wa utani. Motrona alipotoka kuwatazama kuku, yeye akazunguka nyuma ya jiko kubwa la udongo, mahali ambapo mtu haoni, akachomoa kisu chake cha mfukoni na kukata kipande cha ukuta, mraba wa kiasi cha kiganja, mpaka akaufikia udongo wa babake Motrona.

Bibi aliporudi akamkuta amepiga magoti na kioo cha kukuzia jichoni.

"Umefanya nini wewe?"

"Bibi Motrona, njoo uone, hii ni..."

"Nimekuuliza umefanya nini! Kumi na saba ya mwezi ujao tuna Ijumaa Kuu, mimi nina mkono mmoja, wewe unanichimbia pango ndani! Una akili timamu? Mamako alikuwa mwanamke mwerevu, sijui wewe ulitokea wapi."

"Njoo uone kwanza, kisha nipige."

Akaenda, kwa nia ya kupiga. Lakini akaona. Kwenye ukingo wa lile tundu kulikuwa na mistari, mmoja mweupe, mmoja wa kijivu, mweupe, kijivu, myembamba kama kurasa za msahafu wa kanisani. Kila masika, kabla ya Pasaka, nyumba ilipakwa. Kila kipupwe jiko lilitia moshi wake. Na hakuna mwanamke wa Mlimani aliyewahi kubandua mpako wa jana kabla ya kupaka wa leo. Motrona alikuwa amezipaka kuta hizo maisha yake yote, na hakuwahi kuziona kwa ubavu.

Hasira ikamtoka bila yeye kujua imekwenda wapi. Akavuta kigoda, akakaa.

"Huu wenye buluu," akasema, akionyesha kwa kidole cha kushoto, "ni mwaka alioolewa binti yangu Orysia. Nilitia buluu ya kufulia, nikazidisha, nyumba ikawa kama mbingu. Wageni walidhani ndivyo tulivyotaka. Na huu mchafu ni wa wakati wa vita. Wajerumani walichukua ng'ombe. Wewe unajua tunatia maziwa yaliyoenguliwa ili chokaa isishike nguo? Kwaresima hakuna anywaye maziwa, basi yanakwenda ukutani. Mwaka ule hayakuwapo, mama akapaka udongo mtupu. Tukipita tulikuwa tunatoka na mabega meupe kama watu wa kinu."

"Na huu wenye mchanga?"

"Hapo ushirika ulituzibia shimo letu la udongo mweupe kwa bwawa lao. Tangu hapo udongo mzuri uko Ng'ambo tu."

Neno Ng'ambo alilitamka kama mtu anayetema kokwa ya cheri. Mto ni huohuo bata wanaouvuka kwa miguu, lakini watu wa Mlimani wanawaita wale wa Ng'ambo vyura, na wa Ng'ambo wanawaita wa Mlimani mbuzi, na mtu huzikwa upande wake. Hata msingi wa nyumba una sheria: Mlimani unapakwa utepe mweusi wa masizi chini ya ukuta, Ng'ambo mwekundu. Marehemu Levko, mumewe Motrona, alikuwa wa Ng'ambo, akaja kukaa nyumbani kwa mkewe, jambo ambalo kijiji hakimwachii mwanamume bila kumtania. Masika yake ya kwanza aliamka alfajiri, akataka kumfurahisha mama mkwe, akapaka utepe wote mwekundu, raundi nzima ya nyumba. Watu waliokuwa wakienda kanisani walisimama barabarani. "Mlimani tumetekwa!" mmoja akapiga kelele. Levko masikini alisimama na ndoo yake, hajui kosa liko wapi. Motrona alimpenda zaidi siku ile kuliko siku ya harusi, na mpaka leo akikumbuka anacheka peke yake.

Sava alihesabu mistari myeupe. Mara ya kwanza akapata themanini, mara ya pili themanini na tatu, akalaani, akatoka kunawa uso, akahesabu tena kwa ncha ya sindano. Themanini na mbili. Akahesabu mara ya nne, zikabaki hizohizo.

"Inapaswa kuwa themanini na tatu," akasema. "Tangu ishirini na sita mpaka mwaka jana ni masika themanini na tatu. Nimekosea mahali."

"Hujakosea."

Akamwonyesha, karibu kabisa na udongo. Mpako wa saba, kisha mstari wa moshi. Mistari mingine ya moshi ilikuwa kama uzi. Huu ulikuwa mnene maradufu, mweusi, moshi wa vipupwe viwili.

"Thelathini na tatu," akasema Motrona. "Watu wa serikali walikuja wakachukua nafaka, mpaka ile ya chini ya mtungi. Mimi nilikuwa na miaka mitatu, sikumbuki kitu. Njaa iliwachukua kaka zangu wawili, Tymish kwanza, kisha Ostap. Mama aliniambia mara moja tu, tukiwa tunapaka, mahali hapahapa. Alisema, mikono ilikuwapo, ila ilikuwa hainyanyuki."

Mwalimu Sava aliinamia daftari. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Kisha akaaga kwa adabu na kusahau kofia.

Motrona akabaki na lile tundu. Tangu alipovunjika alikuwa na huzuni ya kawaida, ile ya mwanamke mwenye nyumba chafu wakati sikukuu inakaribia. Sasa ilikuwa nyingine. Alitazama mstari mweusi, akatazama mkono wake uliolala kwenye kitambaa kifuani, akaona mwaka huu pia utaandikwa hivyo. Nyumba ilikosa masika moja tu tangu ijengwe, na kila mtu alijua kwa nini. Akija mwingine na kisu chake, baada ya yeye kuondoka duniani, atakuta mistari minene miwili, na atasema hapa pia walikufa. Lakini yeye hakufa! Alikuwa anakula, anagombana na kuku, anamsema padri. Hilo lilimuuma kuliko mfupa.

Orysia akapiga simu kutoka Italia, ambako anamtunza bibi mmoja wa huko.

"Mama, acha hiyo chokaa. Kiangazi nikija tutabandika vibao vya plastiki, basi, unafuta kwa kitambaa."

"Plastiki mbandike huyo bibi yako."

"Mama jamani! Basi waite majirani wakusaidie."

"Umesahau ulikozaliwa, eh?"

Kwa sababu Mlimani jirani hupaka ukuta wa mwenzake siku moja tu, nayo ni ile ya kutoka makaburini. Wanarudi kutoka kuzika, wanawake wanafunga vitambaa, wanapaka chumba alichofia mtu. Siku nyingine zote brashi inashikwa na wa nyumba hiyo. Majirani walikuwa wamekuja kujitolea, watatu, kwa moyo mweupe kabisa, na Motrona aliwakaribisha chai na kuwatoa. Alijaribu mwenyewe kwa mkono wa kushoto, Jumatatu ya wiki kuu, na chokaa ya dukani. Alipanda kigoda, kizunguzungu kikamshika, akashuka kwa kukumbatia jiko. Akakaa chini akalia, machozi ya ghadhabu, kisha akajipangusa na kupika borshchi, ile supu nyekundu ya mboga, isiyo na nyama, kwani mfungo ulikuwa bado.

Zilibaki siku tatu. Ijumaa Kuu hakuna agusaye udongo. Ikifika Alhamisi jioni hajapaka, basi.

Jumatano Mwalimu Sava, ambaye dhamiri ilikuwa haimpi usingizi, akachukua ndoo na koleo na kuvuka daraja kwenda kuchimba udongo mweupe ili angalau alizibe tundu lake. Hakufika mbali. Shimo la udongo liko nyuma ya uwanja wa Hapka, na Hapka, mwenye miaka sabini na saba, haoni vizuri ila yanayompita mlangoni.

"Wewe msomi! Udongo wa nani huo?"

"Wa... wa shule."

"Shule ya matofali. Sema kweli."

Sava hajui kusema uongo. Ndiyo maana kitabu chake hakiishi. Akasema yote, tundu, mkono, mstari mweusi. Alipotaja jina la Motrona, Hapka akabetua mdomo, maana Hapka ni dada yake Levko, na miaka tisa hajakanyaga nyumba ya wifi yake. Levko alipofariki, Hapka alitaka azikwe Ng'ambo kwao. Motrona alimzika Mlimani. Hapka alisimama getini siku ile, mbele ya watu, akasema, "Ulimchukua mzima, sasa unamchukua na maiti," akageuka. Kwa sababu hiyo Motrona alikuwa akinunua chokaa mbaya ya dukani miaka yote tisa, ili asipite kwenye geti la Hapka na ndoo. Jeuri ya wanawake hao wawili ingetosha kuendesha kinu.

"Weka koleo chini," akasema Hapka. "Unachimba kama kuku."

Alhamisi asubuhi Motrona akasikia geti. Alitoka akamkuta Hapka uani, kitambaa kimefungwa kwa nyuma kikazi, ndoo mbili za udongo mweupe, brashi ya nyasi begani kwenye mti mrefu, na nyuma yake Sava akihema na debe la maziwa.

"Sikuja kukusalimia," akasema Hapka.

"Sijauliza."

"Nimekuja kwa ukuta wa kaka yangu. Alikaa humu miaka arobaini na nane. Mimi ni jirani?"

Motrona akafikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, hadi Sava akalitua lile debe.

"Si jirani," akasema mwishowe. "Wewe ni wifi. Nuksi, lakini wifi. Pita, futa miguu."

Wakamfukuza Sava kwa sababu alikuwa anakanyaga kila kitu. Hapka akachanganya, Motrona akasimamia. Na kama kuna kazi ngumu duniani ni kumtazama mtu mwingine akipaka ukuta wako.

"Maziwa zaidi."

"Nimetia."

"Umetia ya paka. Ongeza."

"Wifi, mimi nilikuwa napaka tangu bado naogopa bata."

"Ulikuwa unapaka Ng'ambo. Huko ukuta ukiwa na rangi ya chura mnasema umependeza."

Hapka akacheka kabla hajajizuia, akakasirika kwamba amecheka, akazidi kupaka. Adhuhuri chumba cha mbele kilikuwa kimekwisha, mbichi, cha kijivu bado, kwani udongo ule unakuwa mweupe ukikauka. Wakala viazi na kachumbari ya kabichi wamesimama. Kisha Hapka akaingia nyuma ya jiko, akakuta lile tundu.

Aliliangalia kwa karibu, pua karibu iguse ukuta, kwa sababu ya macho yake. "Huo ndio?" akauliza, na Motrona akasema ndiyo, huo mnene.

"Kwetu hakuna pa kuchimba," akasema Hapka. "Nyumba yetu ilibomoka yenyewe, hapakuwa na mtu. Tulikuwa tisa. Wakati wa njaa ile mimi nilikuwa na mwaka mmoja. Levko alinibeba mpaka kwa shangazi, kule mwisho kabisa, penye mierebi. Alikuwa na miaka mitano, Motrona. Shangazi alisema alipofika hakujua kukunjua mikono."

Motrona akaegemea jiko. Miaka arobaini na nane walilala kitanda kimoja, na alidhani anamjua mpaka kucha za miguu.

"Hakuniambia."

"Hakumwambia mtu. Hata mimi sikuambiwa na yeye." Hapka alikuwa amempa mgongo, anakoroga ndoo ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Kwa hiyo nilitaka alale kwetu. Tulibaki wawili tu. Nilidhani unajua, na bado ukakataa."

"Ningejua nisingekataa, Hapka. Nakuapia. Ningembeba mwenyewe kuvuka daraja."

Huko nje kuku walipiga kelele zao kama siku zote. Kulia hawakulia, walikuwa na kazi, na jua lilikuwa limeanza kuinama. Lakini Motrona alinyoosha mkono wa kushoto, akamfuta wifi yake tone la chokaa shavuni, akalisambaza zaidi.

"Makaburini, upande wake wa kushoto ni pangu," akasema. "Kulia hakuna mtu. Nimeuacha wazi, sijui kwa nini. Njoo pale ukifika wakati wako."

"Mlimani? Nilale na mbuzi?"

"Utazoea."

Hapka akainamia ndoo. Alichukua bonge la udongo, akalikandika tunduni kwa kiganja, akalilainisha mara tatu kwa mkono wa fundi, akapaka juu yake. Mistari yote ikafunikwa, ya harusi, ya vita, na ule mweusi. Motrona hakuionea huzuni. Ilikuwa mahali pake.

Jua lilipofika kwenye ncha za miti ya jozi, kilikuwa kimebaki kipande kimoja kando ya jiko, chini, kiasi cha mlango wa banda. Hapka akachovya brashi, akaikung'uta, kisha badala ya kupaka akaielekeza kwa wifi yake.

"Hapa hupandi kigoda. Shika."

"Kwa kushoto?"

"Unao mwingine?"

Motrona akashika. Akapaka alivyoweza, akitoa ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Brashi ilikwenda itakako, chokaa ikatiririka mkononi, pengine nzito, pengine hakuna kabisa, na alipomaliza akarudi nyuma hatua mbili kutazama. Maishani mwake hakuwahi kuona kipande cha ukuta kibaya kama kile.

"Masikini," akasema Hapka.

"Masikini kabisa."

"Wakija kuchimba hapo watasema mwaka huu nyumba ilipakwa na mlevi."

"Waseme," akajibu Motrona, akairudisha brashi ndooni. "Waseme wanavyotaka. Mradi waseme palikuwa na mtu."